Nilijiunga na jeshi la Marekani kwa hiari yangu, sasa nafsi inanisuta. Naruhusiwa kukataa vita?

MkuryaMpole:

Wakuu habari za humu ndani. Wenye kejeli naomba wapite kimya kimya maana hili jambo limeninyima usingizi mwezi wa tatu sasa.

Mimi kijana wa Tarime, nilikuja huku kwa green card ya bahati nasibu, nikabeba maboksi kwenye ghala mwaka na nusu mpaka mgongo ukaanza kudai chake, nikaona bora jeshi. Nilisaini 2022 miaka minne, hakuna aliyenishikia panga. Bonasi nikapewa, uraia nikapata nikiwa ndani ya magwanda, mama nikamjengea nyumba ya vyumba vitatu. Kwa hiyo msiniambie nilidanganywa, sikudanganywa.

Nipo upande wa mizinga. Mafunzo nilifanyia Oklahoma, kambi niliyopo sasa siitaji. Kwa wasiojua, kombora moja la mzinga wa milimita 155 lina kilo arobaini na kitu, yaani nusu gunia la mahindi, unalikumbatia kifuani hivi unalisogeza, linasukumiwa ndani, mlango unafungwa, mwenzako anavuta kamba, ardhi inaruka chini ya buti, basi. Linaenda kutua kilomita ishirini na ushee huko mbele, wewe huoni kitu. Unasubiri tu redio iseme.

Sasa mwaka jana kwenye mazoezi tukapiga, redio ikasema shabaha imekwisha. Shabaha yenyewe bodi kuukuu la lori. Jamaa wakagonganisha ngumi na mimi nikagonga, halafu nikabaki na mkono hewani najiuliza lile lori siku nyingine linakuwa na nani ndani, dereva tu au na watoto wake waliopewa lifti? Nikajiambia ni uchovu. Wiki mbili baadae bibi mzaa mama akafariki, maziko nimeyaangalia kwa simu nimekaa kwenye ngazi za bweni, mtandao unakata unarudi. Bibi alikuwa KMT damu damu, Mennonite wa wale wa zamani, kanisa la kukataa vita. Babu alienda vita ya Kagera 78, akarudi mzima, na hakuwahi kutusimulia chochote zaidi ya mvua, kwamba mvua ilinyesha sana. Picha yake ya gwanda bibi aliiweka nyuma ya kabati imegeukia ukuta. Sisi watoto tulidhani ni mambo ya wivu wa wazee. Siku ile kwenye ngazi ndio nikaelewa.

Toka hapo siwezi. Nalishika lile kombora mikono inafanya kazi lakini mimi sipo. Na sasa tumeambiwa mwakani kikosi kinaenda nje.

Siku ya kujiandikisha kuna fomu inauliza kama umewahi kuwa mtu anayekataa vita kwa imani. Nikaweka hapana. Sikuongopa wakuu, siku ile sikuwa.

Swali: mtu aliyejiunga kwa hiari ana haki yoyote ya kusema sasa basi? Au haki hiyo ni ya wale walioshikwa kwa nguvu enzi za Vietnam tu? Na uraia wangu, na ile bonasi, inakuwaje? Nawasilisha.

Nguchiro:

Mkurya anakataa jeshi! Dunia imefika ukingoni sasa tusubiri parapanda.

Mkuu mimi sina chuki na wewe ila acha nikuambie ambalo wenzangu watalizungushia. Bonasi ulikula. Uraia ulichukua. Nyumba ya mama imeezekwa. Safari imenukia ndio bibi anakuja kwenye ndoto? Hapa nyumbani watu wanatafuta nafasi jeshini mpaka wanatapeliwa hela za vyeti, wewe umepata jeshi la dola unaleta dhamiri. Mkataba ni mkataba. Ungekuwa umekamatwa njiani kama kuku ningekuelewa. Muhammad Ali alikataa lakini alikataa mlangoni, hakuingia ndani akala kwanza.

Halafu nikuulize, nduli Amin angerudi Kagera kesho, wote tungekuwa KMT ingekuwaje? Leo Bukoba wangekuwa wanatumia shilingi ya Uganda.

Gwanda Kuukuu:

Nguchiro una ukali lakini maswali yako ndio yaleyale atakayoulizwa kwa hiyo umemsaidia bila kujua.

Mdogo wangu mimi nimekaa jeshi hilohilo miaka nane, nimetoka salama, na nimeona mtu wa kombania yangu akipita njia hiyo unayoiulizia toka mwanzo mpaka mwisho. Jibu fupi ni NDIO, haki ipo, na ipo kwa mtu aliyesaini mwenyewe. Jeshi la Marekani halijashika mtu kwa nguvu tangu 1973, wote ni wa kujitolea, na kanuni bado ipo. Jeshi la nchi kavu kanuni yake inaitwa AR 600-43, itafute uisome yote mara mbili, siyo kusimuliwa na mtu wa kantini.

Kuna milango miwili. Wa kwanza unaitwa 1-O, hapo unasema siwezi kuwa sehemu ya vita kabisa naomba kutoka. Wa pili 1-A-O, unasema nitabaki na gwanda ila silaha sishiki, wanakupeleka kazi zisizo za kupigana, wengi wanaishia utabibu. Chagua mmoja kwa moyo wako. Ukiomba 1-O hawaruhusiwi kukupa 1-A-O kama wanakupoza, na wewe usiombe 1-A-O kwa sababu unaona ni ndogo itapita kirahisi. Aliyekuhoji atanusa.

Sasa sikiliza hapa ndio pana shimo. Lazima ukatae vita ZOTE. Siyo hii ya mwakani, siyo ya rais fulani. Mahakama kuu yao iliamua 1971 kesi ya Gillette kwamba ukichagua hii sawa hii siyo, umeshindwa. Luteni Watada 2006 alikataa kwenda Irak, akasema vita ile haramu ila Afghanistan niko tayari niende. Kijana jasiri na msomi, lakini kwa kanuni hii hakuwa na pa kuingilia kabisa, akapelekwa mahakama ya kijeshi, kesi ikavurugika katikati, mpaka 2009 ndio wakamwachia atoke. Kwa hiyo ukianza kuandika habari za siasa, mafuta, Israel, sijui nani kasema nini tv, umejichimbia.

Siyo lazima iwe dini. Tangu Seeger 1965 na Welsh 1970 imani ya kimaadili inatosha kama imekushika kwa uzito uleule ambao dini inamshika mcha Mungu. Na swali la nduli: huulizwi kama ungemwachia mwizi amchinje mama yako. Mtu anaweza kujitetea mwenyewe na nyumba yake na bado akawa anakataa vita. Kuna Shahidi wa Yehova mmoja 1955 alisema kabisa Har-Magedoni ikifika yeye atapigana upande wa Mungu, mahakama ikasema sawa, hiyo siyo vita tunayoijadili hapa. Nilicheka sana nilipoisoma.

Na ile fomu uliyoweka hapana, hiyo ndio inakubeba. Kanuni inataka imani iwe imekomaa BAADA ya kuingia. Ungekuwa nayo kabla ukaficha ndio ungeumia.

Gwanda Kuukuu:

Naendelea, ile post ilikuwa ndefu.

Utaratibu wenyewe. Unaandika maelezo yako, unaamini nini, ulifikaje hapo, maisha yako yamebadilikaje kufuatana na hiyo imani. Unapeleka kwa kamanda wa kombania. Halafu unaonana na padri wa jeshi, hata kama wewe siyo wa dhehebu lake, yeye anaandika kama anakuona mkweli na imani imetoka wapi. Unaonana na daktari wa akili. Halafu anateuliwa afisa wa uchunguzi, kapteni kwenda juu, asiwe wa mnyororo wako wa amri. Huyu ndio mtu. Anakaa na wewe, unaruhusiwa kuleta mashahidi, na wakili kwa hela yako. Akiandika ripoti unapewa nakala na nafasi ya kuijibu, USIIACHE hiyo nafasi, jamaa yangu kilichomuokoa ni ile barua ya kujibu. Kisha faili linapanda ngazi kwa ngazi mpaka bodi ya makao makuu.

Yote hayo yanapoendelea wewe bado askari. Unasalimia, unavaa, unatii. Wanatakiwa wajitahidi kukupa kazi isiyogongana sana na unachodai, ndio utafagia sana stoo. Na wanaweza wakakupeleka huko nje faili likiwa bado lipo kwenye mchakato, ujiandae kwa hilo.

USITOROKE. Nasema kwa herufi kubwa makusudi. Camilo Mejía, sajini wa Florida, alitoka Irak likizo Oktoba 2003 hakurudi, Machi 2004 akajisalimisha ameshika karatasi zake za kuomba. Karatasi ziliandikwa vizuri sana lakini utoro ulishakuwa utoro, mwaka mmoja jela akapewa na cheti kibaya cha kutoka jeshini. Mwingine Aguayo, tabibu, huyu aliomba mapema kabisa 2004, wakamkatalia, akaenda Irak akazunguka mwaka mzima na bunduki isiyo na risasi. Hebu fikiria. Lindo huko, bunduki tupu. 2006 walipotaka kumrudisha mara ya pili alitoka kwa dirisha la nyumba yake Ujerumani. Miezi minane jela. Mimi huyu sijui ningemhukumu vipi, lakini nakueleza sheria ilivyo.

Aliyefanikiwa naye yupo. Izbicki wa jeshi la maji, kamaliza chuo cha maafisa kabisa, wakamfanyia mtihani wa saikolojia wa watu wa manowari, swali likauliza ukiamrishwa kurusha kombora la nyuklia utarusha? Akajaza hapana. Hapo ndio safari yake ikaanza. Walimkatalia mara mbili, akaenda mahakama ya kiraia, 2011 akatoka kwa heshima.

Uraia: ukitolewa kwa 1-O iliyokubaliwa, cheti kinakuwa cha heshima au kile cha chini yake kidogo, vyote ni salama. Hatari ni kutolewa kwa cheti kibaya kabla hujatimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima, hapo uraia ulioupata kwa njia ya jeshi wanaweza kuuchukua. Ndio maana narudia usitoroke, usikatae amri hovyo, usivue gwanda. Na marupurupu ya wastaafu wa jeshi vilevile, sheria inamfungia aliyekataa vita AKAKATAA na kazi au amri halali, haimfungii aliyetii mpaka siku ya kuachiwa. Bonasi, ile sehemu ya muda ambao hujautumikia wataidai. Anza kuweka akiba leo.

Piga GI Rights Hotline, wanashauri bure na siyo watu wa jeshi.

Nguchiro:

Mzee Gwanda nimekusoma. Ila hujanijibu la Ali.

Gwanda Kuukuu:

Ali aliitwa, hakujitolea. Aprili 1967 Houston walimsomea jina akakataa kupiga hatua mbele, wakamnyang'anya mkanda na leseni, 1971 mahakama kuu wakamfutia majaji 8 kwa sifuri. Kwa hiyo ulivyosema "mlangoni" uko sahihi, na ndio tofauti yake na huyu mdogo wetu. Wa mlangoni anaulizwa unaamini nini. Wa ndani anaulizwa unaamini nini NA kwa nini leo. Huo mlima wa pili ndio mrefu.

(Ali huyohuyo 1980 aliletwa Dar na Wamarekani atushawishi tugomee olimpiki ya Moscow, Mwalimu akakataa kumwona. Nje ya mada ila siwezi kupita bila kuitaja.)

Dada wa Same:

Kaka MkuryaMpole pole na msiba wa bibi, naona wote wamerukia sheria hata pole hujapewa.

Mimi ni nesi huku Texas, Mpare na Msabato, kwa hiyo ninachosema kina upande. Kwetu Sabato jambo hili ni la siku nyingi. Nimekulia kwenye hadithi ya Desmond Doss, tulikuwa tunaisimuliwa shule ya Sabato kabla sijajua Marekani iko wapi. Kijana wa Virginia, alikuwa na kazi kiwanda cha meli na angeweza kubaki hapohapo vita ipite, akasema hapana wenzangu wanaenda, nami nitaenda ila bunduki sigusi. Walimtesa kambini, viatu alirushiwa akiwa anasali. Mei 1945 Okinawa juu ya jabali refu wenzake wameshuka wamerudi nyuma yeye akabaki na majeruhi, anawafunga kamba anawateremsha mmoja mmoja. Yeye alisema kama hamsini, wakubwa wakasema mia, wakagawana katikati wakaandika 75. Nishani kubwa kabisa akapewa na Truman mkono kwa mkono.

Sasa mbona nakuambia hivyo, siyo ili uwe shujaa. Ni kwamba wewe shida yako umeieleza kwenye lile kombora. Umesema mikono inafanya kazi wewe haupo. Je ukiwekwa kwenye hospitali ya jeshi umevaa gwanda lilelile, unamfunga bandeji askari ili arudi kwenye mzinga, nafsi inatulia au bado? Mimi ingetulia. Mume wangu anasema yeye isingetulia kamwe, kwamba ukimtibu fundi wa mashine umeitengeneza mashine. Tumebishana jana mpaka wali ukaungua. Kwa hiyo jiulize hilo kabla hujaandika 1-O au 1-A-O, maana mzee Gwanda kasema hawatakuchagulia.

Mvihiga:

Niaje wadau, Mkenya hapa, nimepita tu nikaona mambo ya kanisa za amani nikasema lazima niweke neno.

Mimi nimezaliwa Quaker, kanisa la Friends, wazungu walifika Kaimosi 1902 na sisi ndio wengi kuliko Quaker wa nchi yoyote duniani. Ukisoma vitabu vyetu vita ni hapana, kabisa, tangu huko Uingereza karne ya 17. Sasa kuja kwetu Vihiga Jumapili. Mjomba wangu KDF, jeshi letu la Kenya, amekuwa Somalia. Binamu ni polisi. Kijana akiitwa recruitment anawekewa mikono na mchungaji wetu wa amani na kuku inachinjwa! Hakuna mtu anaona shida. Na mimi sisemi ni wanafiki, kazi hakuna, hiyo mshahara ndio inalipa fees za watoto sita.

Kwa hivyo bro usitegemee sana barua ya kanisa. Huyo kapteni akikuuliza "kanisa lenu linakataza vita?" utasema ndio, halafu atauliza "mbona ulijiunga, na mbona babu yako alipigana?" Hapo barua imekufa. Kanisa si lako hata, ni la nyanya yako. Wewe chenye uko nacho ni ile picha imegeukia ukuta na hiyo siku ya lori. Hiyo hakuna mtu anaweza kukunyang'anya juu uliiona na macho yako.

Swali moja tu na si kwa ubaya. Tangu hiyo siku umebadilisha nini ingine? Maanake watauliza. Bado unacheza zile game za kupigana risasi? Bado unaangalia mandondi? Mi najua ni kitu kidogo lakini jamaa wa kuhoji hupenda vitu vidogo.

Mtoto wa Aldershot:

Huku Uingereza nako ipo, wakenya na wengine wa Jumuiya ya Madola tuko wengi tu jeshini na hakuna anayetuambia. Kuna kamati ya ushauri ya wakataa vita, ipo kwenye karatasi tangu 1970 ila inakaa kwa nadra kweli. Unaanza kwa mkuu wako, ukikataliwa unaenda kwao. Lyons, tabibu wa jeshi la maji, alifika mbele yao Desemba 2010, alikuwa hataki Afghanistan, wakamkatalia. 2011 akapewa miezi saba kizuizini kwa kukataa mafunzo ya bunduki. Kabla yake daktari wa jeshi la anga Kendall-Smith, 2006, alikataa kurudi Irak, miezi minane. Na Joe Glenton, huyu alikimbia akarudi, miezi tisa 2010.

Ila wajerumani ndio wamenishangaza. Meja Pfaff, askari wa kazi kabisa siyo wa kushikwa, alikataa kuendelea na programu ya kompyuta kwa hofu itasaidia vita ya Irak. Walimshusha cheo, 2005 mahakama yao ya juu ya utawala ikasema yuko sahihi, dhamiri yake ilindwe, akarudishiwa cheo. Na huyo alikataa vita MOJA, hakukataa zote. Ndio ujue hiki kigezo cha "zote au hakuna" ni cha Marekani kwa uamuzi wao, hakikushuka kutoka mbinguni. Na mimi nakiona cha ajabu. Yaani anayesema nitapigana vita ya haki tu, ambavyo ndivyo makanisa mengi na Waislamu pia wanafundisha, huyo hana dhamiri? Ana dhamiri ila haina fomu.

Gwanda Kuukuu:

Aldershot umesema kweli tupu na mimi hilo limenikera miaka yote. Ila serikali nazo zina hofu yao, kila askari akipewa kupiga kura juu ya kila vita hakuna jeshi. Sitaki kulimaliza hapa, mdogo wetu ana tarehe.

Nguchiro:

Kwa kura hiyo Kagera tungeshinda, tulijitolea mpaka mgambo.

Haya MkuryaMpole, nimesoma yote na nimepunguza sauti kidogo. Kidogo. Bado nasema kula na kugeuka si tabia nzuri. Ila kama bonasi utairudisha ile iliyobaki na kazi unaendelea kufanya mpaka wakuachie, basi deni umelipa, sina cha kukudai. Ungetoroka ningekufuata hukohuko.

MkuryaMpole:

Wakuu nimechelewa kurudi, wiki tatu nilikuwa field simu tulikusanywa.

Dada wa Same ahsante kwa pole. Nimefikiria swali lako siku zote hizo nimelala chini ya lori nikisikiliza majenereta. Mumeo ndio kanisemea. Kumfunga mtu bandeji naweza, hata adui, ila siyo kwa hesabu ya nani arudi kwenye mzinga. Nimeandika 1-O.

Mvihiga umenipiga penyewe. Game nilikuwa nacheza, tena sana, na vijana wa bweni. Niliacha mwezi ule wa msiba lakini sikuwahi kuunganisha, nilidhani nimechoka tu. Nimeiandika vilevile, kwamba niliacha kabla sijajua kwa nini nimeacha. Mandondi bado naangalia, nimeandika na hilo pia sijaficha.

Nguchiro bonasi nimeshapiga hesabu, iliyobaki nitakatwa, nimeuza gari nanunua la bei ndogo. Mama sijamwambia. Baba ndio nimemwambia akanyamaza kama dakika nzima nikadhani mtandao, kumbe yupo. Akasema babu yako hakupewa fomu.

Karatasi nilimpa sajini wangu Jumatatu. Alisoma kasimama, akageuza nyuma kuona kama kuna ukurasa mwingine, akaniuliza hii umeandika mwenyewe? Nikasema ndio sajini. Akasema kombora hutabeba tena mpaka tujue, nenda stoo. Hakunitukana. Wenzangu wawili hawanisalimii, mmoja kaniletea chai. Jumatano naonana na padri.

Swali la mwisho. Kwenye maelezo nimekwama sehemu moja. Bibi alikuwa na neno lake, "nafsi inanisuta", alilisema hata akimpunja mtu sukari robo kilo. Ndio neno hasa la kinachonitokea. Kila nikiliweka kwa Kiingereza linakuwa kama naumwa au kama naogopa, na daktari wa akili atalidaka hapohapo. Kusutwa siyo kuogopa. Kusutwa ni mtu anakuja mlangoni kwako na ushahidi. Wenye lugha mnaliwekaje?

Karani wa Korti:

Mkuu huwa sichangii nasoma tu, ila mimi kazi yangu ni kutafsiri mahakamani huku Minnesota na neno hilo limeshanitesa mbele ya jaji. Usilitafsiri. Liache kwa Kiswahili ndani ya sentensi, halafu chini yake eleza kusutana kulivyo, watu wanavyomfuata mtu mpaka kibarazani na maneno aliyosema wenyewe wakiwa wamemshuhudia, hawezi kukana. Kisha sema bibi alikuwa anajifanyia hivyo mwenyewe, kwa sukari robo. Aya moja inatosha, mfano wa sukari usiukate hata kama unaona ni wa kitoto.

Nitumie PM hiyo kurasa usiku huu nikuwekee mkono, bure. Kesho niko korti kuanzia saa tatu asubuhi.

MkuryaMpole:

Nimetuma mkuu. Kurasa ni sita, samahani mwandiko, kompyuta ya bweni imeharibika nimepiga picha.